Kila Mtoto na Kibuyu Chake

Tangu niache kazi, Halima, mwenzangu wa jikoni, hanipi nafasi ya kupumua. "Mama, yaandike mambo ya jikoni. Huyu binti mpya hajui hata kuni ipi inatangulia, na mimi sina subira ya kumfundisha." Nimemjibu kwamba subira ataipata akizeeka. Hata hivyo nimekaa, nimeandika. Shule niliacha darasa la nne, kwa hiyo maneno makubwa msiyatafute humu. Nyie mnaoshika mwiko sasa katika jiko la shule yetu, huku Bahi, haya ni yenu.

Ya posho na vyeo siyaandiki. Mpishi wa shule hapandi cheo. Hupanda tofali, ili aone ndani ya sufuria.

Aliyeniingiza jikoni ni Bibi Sechelela, ambaye alikuwa akipikia shule ile tangu jiko likiwa mafiga matatu chini ya bati bovu. Siku ya kwanza nilifika nimevaa gauni langu la kanisani, nikidhani kazi ya shule ni kazi ya usafi. Bibi Sechelela akanitazama kuanzia juu mpaka chini, akaniambia, "Karibu, bibi harusi. Shika mwiko." Mwiko wenyewe ulikuwa mrefu kama mpini wa jembe. Moshi ulinipata vizuri, machozi yakanitiririka mbele ya wanafunzi wote waliokuwa dirishani. Nikamwambia, "Mama, sioni." Akasema, "Jicho la mpishi hulia kwanza, likizoea hunyamaza. Lia, lakini koroga."

Yule mama alinifundisha mambo ambayo mpaka leo nayatumia. Kuni za mgunga zinashika moto haraka na kuruka cheche, kwa hiyo huwashii jiko huku kanga inaning'inia. Unga wa uji huvurugwa kwanza kwa maji baridi pembeni. Ukiumwaga mkavu ndani ya maji yanayochemka utapata mabonge, na mtoto akikutana na bonge atakucheka mpaka amalize darasa la saba. Maharage hulowekwa jioni. Sufuria huoshwa lingali na moto, siyo kesho. Na aliyepakua hali kabla mtoto wa mwisho hajala. Hilo la mwisho hakulisema, alilitenda tu, nami nikaliona.

Jingine alilisema mara moja. Mwaka mmoja mvua ilikatika mapema, uwele ukakaukia shambani, na wazazi wakashindwa kuleta nafaka za chakula cha shule kama walivyokuwa wameahidi. Tukawa tunapika makande mepesi, maji mengi na punje zinaogelea. Nikamwona binti wa darasa la tatu anakula nusu, nusu anaifunga kwenye kona ya sweta. Nikataka kumuuliza. Bibi Sechelela akanivuta mkono. "Mtoto akifunga chakula usimuulize. Mwongezee." Nikamwongezea. Kwa miaka yote iliyofuata nilikuwa najua ni watoto gani wanafunga chakula na ni wangapi wanalala nyumbani wakiwasubiri. Ukikaa jikoni muda mrefu, unaijua njaa ya kijiji kwa sura.

Bibi Sechelela alipochoka alirudi kwake kulima mung'unye na vibuyu kwenye ua wake, na Halima akaja mahali pake. Halima ni mtoto wa mjini Dodoma, wa Nkuhungu, watu wa biashara tangu mababu zake, akaolewa huku kwetu. Alikuja na maneno mengi na kijiko cha chumvi cha kwake mwenyewe, maana hakuamini mkono wangu. Nilimchukia kama wiki mbili hivi. Halafu nikamwona anavyopeta maharage bila kuacha hata jiwe moja, nikanyamaza. Mtu anayejua kazi, mdomo wake unavumilika.

Basi tukafika ule mwaka wa corona.

Shule zilifungwa ghafla. Asubuhi tulikuwa na sufuria motoni, mchana Mwalimu Mkuu akaja na habari. Watoto walifurahi, nisiwadanganye. Waliimba njia nzima. Tulibaki mimi na Halima na jiko lisilo na kazi, na magunia ya mahindi kwenye stoo.

Mjadala wa lini shule zifunguliwe ulianzia kisimani. Ukienda kuchota maji unakuta wanawake wamesimama mbalimbali kama walivyoelekezwa, kwa hiyo wanapiga kelele ili wasikilizane. Mmoja anasema watoto wakae nyumbani mpaka ugonjwa uishe kabisa. Mwingine anauliza, "Na wewe unajua utaisha lini, umeuzaa wewe?" Waliokuwa na mabinti wakubwa walikuwa na hofu yao, waliokuwa na wachanga na wao yao. Wanaume walisema redio imesema hivi; kila mtu na redio yake.

Mimi hofu yangu niliijua vizuri. Ilikuwa inalala kando yangu. Mume wangu, Baba Ndahani, aliugua kifua kikuu akiwa kijana, akatibiwa, ukarudi, akatibiwa tena. Alipona, lakini kifua kilibaki kama mfuko wa kiraka. Vumbi la kiangazi likianza anakohoa mpaka mbuzi wanasimama kumtazama. Nesi wa zahanati aliniambia wazi, "Mama, huyu mzee ugonjwa huu ukimfikia atapata taabu. Umlinde." Nami nafanya kazi kati ya watoto wa kijiji kizima, kila mmoja na kamasi zake. Jiko likifunguliwa, ama niache kazi, ama nimpelekee mume wangu kila kilichopuliziwa sufuriani siku ile.

Miezi ikapita. Serikali ikatangulia kufungua vyuo na kidato cha sita, halafu ikatangaza shule zote. Kufungua madarasa hakukuwa tena na ubishi. Lakini chakula cha shule kwetu ni cha wazazi, kwa hiyo jiko lifunguliwe au lisubiri, hilo waliachiwa wazazi. Mwalimu Mkuu akaitisha mkutano.

Tulikaa darasani, mtu mmoja kwa dawati, madirisha wazi. Waliokosa nafasi walisimama nje wakachangia kupitia madirishani, na wao ndio waliochangia zaidi. Mzee mmoja mfugaji akaanza. "Ng'ombe ukimfungia zizini kwa kumwogopa fisi, atakufa njaa, na fisi atakuja kula mzoga bila kukimbia."

Mama mmoja dirishani akamjibu, "Na ukimfungulia fisi akiwa mlangoni, mzee, utakuwa umemsaidia nani?"

Watu wakacheka. Mimi nikasimama. Sikuwa na desturi ya kusema mikutanoni. Nikasema, "Watoto wasome, sawa. Jiko lisubiri. Darasani wanakaa mbalimbali, lakini kwenye chakula mnawajua. Watano watano wanakula sinia moja, mkono juu ya mkono. Uji kikombe kimoja kinazunguka. Ugonjwa ukitaka njia, hiyo ni lami."

Wengi wakaitikia. Nikaketi, nikaona nimemaliza.

Halima akainuka nyuma yangu. "Shikamooni wazee. Mama yangu amesema kweli kuhusu sinia. Lakini mama, jiko likisubiri, darasani atakaa nani? Wale wa kitongoji cha juu wanaanza kutembea kabla jua halijatoka. Wanaletwa na harufu ya uji wa saa nne, siyo na hesabu. Na wale wanaofunga kwenye sweta, tangu tufunge jiko, wanafunga nini?"

Hapo alinigusa pabaya. Nikageuka. "Halima, wewe mume wako ana kifua kizima."

   Halima alitazama chini, akasema polepole, "Ni kweli, mama," akaketi. Angenitukana ingekuwa nafuu.

Mwalimu Mkuu akaokoa jahazi. Ni mtu wa Moshi, lakini alikuwa amekaa kwetu muda wa kutosha kujua kusalimia kwa Kigogo, "mbukwenyi" na kusubiri ajibiwe. Akasema tatizo siyo jiko, tatizo ni sinia. Kila mtoto aje na sahani yake na kikombe chake, asile na mwenzake. Tutundike vibuyu chirizi, yaani vidumu vilivyotobolewa vinavyovutwa kwa kamba ya mguu, kila mmoja anawe kabla ya kula. Chakula kiliwe nje, wakiwa wametawanyika. Likaonekana jambo la akili. Mwenyekiti wa kamati akauliza nani anapinga. Hakuna aliyepinga, hata mimi. Tulipiga makofi.

Nyumbani nikamwambia Baba Ndahani kwamba nimeshindwa, kwa hiyo naacha kazi. Alikuwa anasuka kamba. Akauliza, "Nani amekuagiza usimame mkutanoni na kifua changu?"

"Nesi."

"Nesi amesema unilinde. Hakusema ukitangaze."

Akarudi kwenye kamba yake. Asubuhi nikaenda jikoni, nikajiambia nitafanya siku chache mpaka wapate mtu. Nikajifunga kitambaa puani, nikiwa natoka nikamwekea chakula chake mbali na changu. Nikirudi nilikuwa nanawa, nabadili nguo nyuma ya nyumba kama mwizi, ndipo naingia.

Siku ya kwanza tulipika uji wa shule nzima. Waliokuja hawakufika nusu. Wa kitongoji cha juu hakuonekana hata mmoja. Uji ulibaki mpaka ukashika ngozi. Siku ya pili wakapungua tena. Walimu wakasema wazazi bado wanaogopa, elimu haijawafikia. Nesi akaombwa aje afundishe upya jinsi ugonjwa unavyoambukiza. Alifundisha vizuri. Kesho yake wakaja wachache zaidi, maana sasa aliyekuwa hajaogopa naye akaogopa.

Mimi nilikuwa nimeshapata la kusema. Nikamwambia Halima, "Nilisema jiko lisubiri. Umeona?" Halima akaendelea kusugua sufuria. "Nimeona uji, mama. Watoto sijawaona. Sijui kwa nini hawaji, na wewe hujui."

Mwalimu Mkuu ndiye aliyekwenda kuuliza. Alipanda bodaboda mpaka kitongoji cha juu, akakaa huko tangu asubuhi, akarudi mchana mwekundu kwa vumbi. Hakwenda ofisini. Alikuja moja kwa moja jikoni, akakaa juu ya gogo la kuni, akaanza kucheka peke yake.

"Mama Ndahani, nyumbani kwako mna sahani ngapi?"

Nikamjibu, "Ninyi wageni mkija, mbili. Sisi tunalo sinia."

"Na wewe Halima?"

Halima naye akaanza kucheka, maana alishaelewa. Mimi nilichelewa kidogo.

Mwalimu alikuwa amekwenda kwa Mama Lea, mjane mwenye watoto wanne shuleni. Alianza kumweleza juu ya ugonjwa. Mama Lea akamsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kisha akamwambia, "Mwalimu, ugonjwa tumeusikia, na nesi ameurudia. Mimi nina watoto wanne na sinia moja. Mmesema kila mtoto na sahani yake. Nilikate?"

Nyumba baada ya nyumba jibu lilikuwa hilo. Hakuna aliyekataa shule, na waliokuwa wanaogopa kweli walikuwa wachache. Walikuwa wanaona aibu. Mtoto ataendaje shuleni mikono mitupu wakati mkutano umeamua, na wazazi wenyewe walipiga makofi? Ukikosa sahani utasema hadharani huna sahani? Afadhali waseme unaogopa. Na fikirini wenyewe, mle darasani tulijaa watu ambao tangu kuzaliwa tumekula chombo kimoja na ndugu zetu, na kwetu mtu anayejitenga na sinia ndiye anayeulizwa ana neno gani moyoni. Tukasimama tukaamua kila mtoto na sahani yake kama vile sahani zinaota uani. Mwalimu wa Moshi, nesi, mwenyekiti, mimi mwenye sinia langu, sote.

Nilirudi nyumbani nikamsimulia Baba Ndahani. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka nikampa maji. Alipotulia akasema, "Mmesema sahani hazioti uani. Kwa Bibi Sechelela umeona ua wake?"

Nilikuwa nimeuona. Vibuyu vilikuwa vimejaa, vimekauka vizuri, maana ndio wakati wake, mvua zimekwisha na mashina yake yamekufa.  Asubuhi Baba Ndahani alikwenda mwenyewe. Bibi Sechelela, mgongo umeshapinda, akamwambia achukue vyote, abakize vya mbegu. Watu wakasikia, na wao wakaleta vya kwenye nyua zao. Hakuna nyumba ya kwetu inayokosa kibuyu.

Kibuyu kimoja ukikipasua katikati kwa msumeno mdogo unapata mabakuli mawili. Lakini msidhani kazi imeisha. Unakwangua mbegu na utando wote, unaloweka, unachemsha kwa majivu, unakwangua tena, la sivyo ule uchungu hautoki. Vya kwanza tuliviharakisha, na watoto walikunywa uji mchungu kama dawa wakakunja nyuso zote. Mtoto mmoja akauliza kama hii ndiyo chanjo.

Mpasuaji alikuwa Baba Ndahani. Nikamgombeza kwa sababu ya vumbi la msumeno. Akalowesha kanga yangu, kanga mpya, akajifunga puani, akaendelea. Kisha akapasha msumari moto, akachoma alama nje ya kila bakuli ili watoto wasibadilishane. Watoto wadogo wasiojua kusoma walichagua wenyewe: jogoo, jua, jembe, pikipiki. Pikipiki zilikuwa nyingi mno, ikabidi nyingine ziwekwe abiria.

Bakuli la kwanza kabisa alikuwa amelipasua kabla ya yote, akalichoma alama ya mbuzi, akaliweka kando. Nikamuuliza la nani. "Langu," akasema. "Wewe nenda kwenye jiko lako. Mimi nitalala chumba cha nje na kula chombo changu. Kifua ni changu, acha nikilinde mwenyewe. Lakini usikitumie tena kuwafungia watoto jiko."

 Nikaenda jikoni.

Watoto wa kitongoji cha juu walirudi. Niliwaona wanashuka njiani asubuhi, kila mmoja ameshika bakuli lake, wengine wamelivaa kichwani. Walikula wametawanyika uwanjani kama kuku. Wa kufunga chakula sasa hawakufunga kwenye sweta. Bakuli la kibuyu unalifunika na kitambaa unaondoka nalo. Halima na mimi tulijifanya hatuoni, tukawaongezea.

Corona iliwapitia watu wetu kama ilivyopita kwingine. Tulizika, na kwa wengine sikujua walikufa kwa nini, kwa hiyo sitasema. Baba Ndahani alikohoa msimu ule kama anavyokohoa kila msimu. Chumba cha nje alikaa mpaka mvua zilipoanza, paa likavuja, akarudi ndani. Lakini kwenye sinia hakurudi. Nilimwambia ugonjwa umepungua, turudi kama zamani. Akasema, "Mafua ya shule hayaishi. Ukiacha kazi nitarudi." Nadhani pia alipenda kwamba hakuna mtu anayemmalizia mboga. Akala kwenye kibuyu chake miaka yote ile. Kilipopasuka ukingoni alikishona kwa uzi, akaendelea.

Ninyi wa jikoni, ninayo shukrani na sitaki nife nayo. Bibi Sechelela ametangulia. Ua wake mjukuu wake anaupalilia bado, mwombeni mbegu. Mwalimu Mkuu amehamishwa, alipo na apewe uji usio na mabonge. Alipanda bodaboda kwenda kuuliza wakati sisi wengine tulikuwa tunajibizana. Halima, uliinuka mkutanoni ukanipinga mbele ya kijiji, na nilipokujibu vibaya hukunitukana. Kesho yake ulikuja jikoni ukaniamkia "shikamoo mama" kama kawaida. Ahsante, mwanangu. Chumvi yako bado ni nyingi.

Siku nilipoacha kazi walinipa kanga mbili na maneno mazuri. Nikarudi nyumbani mapema, nikasonga ugali wa uwele, nikapika mlenda. Nikapakua kama nilivyozoea, wangu kwenye sinia, wake kwenye kibuyu chenye mbuzi, nikakiweka upande wake.

Baba Ndahani akakitazama. Akauliza, "Kesho huendi?"

"Siendi."

Akainua kibuyu, akaupindua ugali wake juu ya wangu, akasogeza kigoda, akanawa. Kibuyu sasa wanakinywea kuku.

Tukaanza kula. Nilikuwa nimesahau jinsi huyu mtu anavyokula haraka.